Kobe wa Jangwani Naye Anataka Maji (Sehemu ya 6)

Najua niliahidi kwamba Jumapili hii tungeendelea na homa za watoto wachanga. Homa nimeisogeza mbele wiki moja, mtaniwia radhi. Kuna ujumbe uliniingia Jumatatu usiku nikiwa nimetoka zamu, nikausoma mara mbili nimesimama jikoni, viatu bado viko mguuni.

Umetoka kwa mama mmoja anayeishi Tucson, hapahapa Arizona, mwendo wa saa mbili kutoka kwangu Phoenix. Ameniruhusu niuzungumzie bila kumtaja. Ana watoto wawili, mkubwa miaka saba na mdogo miezi kumi. Wamechukua kobe wa kufuga. Akaniuliza hivi: kobe wao hajagusa maji wiki tatu, jirani kamwambia asihangaike, huyo ni mnyama wa jangwani, maji anayo ndani kwa ndani. Ni kweli? Halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo tu, akaongeza kwamba siku mojamoja yule mkubwa humwosha kobe kwenye beseni la kuogea mtoto.

Jamani.

Nilianza na beseni. Nikamjibu palepale: hilo beseni sasa ni la kobe, mtoto anunuliwe lake jipya kesho asubuhi. Nitaeleza kwa nini. Lakini la jirani ndilo lililonikaa rohoni, kwa sababu na mimi niliambiwa maneno hayohayo, nikayaamini, na nusura nimuue kobe wangu.

Kwa mnaonisoma kutoka Tanga, Mombasa na Bukavu, niwape picha kwanza. Huku kuna kobe wa asili wa jangwa la Sonora. Mtu mzima wake ana urefu wa sentimita 30 hivi na uzito wa kilo nne, tano, wengine zaidi, na anaweza kuishi miaka 50 na kupita. Kumwokota porini ni kosa. Lakini wapo wengi waliokwisha kukaa na watu, wengine wamezaliwa uani kwa mtu, na hao hairuhusiwi kuwarudisha porini kwa sababu wanaweza kuwapelekea wenzao magonjwa ya njia ya hewa. Basi Arizona Game and Fish Department, ambayo ndiyo idara ya wanyamapori ya jimbo, inawatafutia familia zenye ua unaofaa. Ndivyo sisi tulivyompata wetu. Watoto walimwita Kifuu, kwa sababu alivyojikunja siku ya kwanza alifanana na kifuu cha nazi cha bibi yao.

(Na msije mkaokota kobe barabarani huko nyumbani mkasema nesi ameruhusu. Kenya na Tanzania kobe ni mnyamapori, kumfuga bila kibali ni kesi.)

Wengi wetu tunaotoka pwani, kobe tunayemjua ni yule mkubwa wa kisiwa cha Changuu pale Zanzibar, wa ukoo wa wale walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Yule anaishi kwenye hewa ya bahari, masika inamnyeshea, vuli inamnyeshea. Huku kwetu mvua ya mwaka mzima ni milimita 180 hivi. Zanzibar kwa kawaida inapata zaidi ya hiyo kwa mwezi wa Aprili peke yake. Na mwaka 2023 tulikuwa na siku 31 mfululizo ambazo joto lilifika nyuzi 43 au zaidi, yaani mwezi mzima unafungua mlango ni kama umefunua tanuri. Sasa mnyama yuko kwenye hewa ya namna hiyo, halafu mtu anakwambia hana haja ya maji.

Niwaambie yaliyonipata.

Kiangazi cha kwanza na Kifuu nilimwekea sahani ndogo ya maji, nikaona haigusi, nikaacha kuijaza. Nilijiambia wa jangwani huyu, anajijua. Mwezi wa sita tukapata wageni, wanangu wakamnyanyua juu kumwonyesha, naye akamkojolea binti yangu gauni zima. Tulicheka sana. Mimi nesi wa miaka yote hii nilicheka, nikaingia ndani kutafuta kitambaa.

Ule mkojo ndio ulikuwa maji yake ya kuishi mpaka mvua.

Baada ya wiki mbili nikamwona macho yamezama. Nikaleta mizani ya jikoni: tulimpokea na kilo 4.2, sasa ana 3.7. Siku iliyofuata akatoa ule uchafu mweupe ambao kobe hutoa pamoja na mkojo. Kawaida unakuwa laini kama dawa ya meno. Wa kwake ulikuwa unakwaruza kama mchanga. Daktari wa wanyama akampiga eksirei, akamchoma maji chini ya ngozi, akaniambia tumwahi. Alisema tungechelewa, ile chengachenga ingeshikana kuwa jiwe ndani ya kibofu, na jiwe likiwa kubwa mara nyingine inabidi kulikata gamba la tumboni kulitoa. Bili sitaitaja, mume wangu naye anasoma hapa.

Sasa tuelewane, jirani wa watu hakusema uongo wote. Kobe wa jangwani kweli anabeba maji. Kibofu chake ni kama tangi. Vilivyomo humo, maji pamoja na taka zake, vinaweza kufika asilimia 40 hivi ya uzito wake. Sisi mkojo ukishakuwa kwenye kibofu basi, ni wa kutoka tu. Yeye ana uwezo wa kuyavuta yale maji yakarudi mwilini kidogokidogo wakati wa ukame. Mwenyezi Mungu alimpa hiyo, ni jambo la ajabu na ninaliheshimu.

Lakini fikiria kama mama anayepika. Ukiweka sufuria ya mchuzi jikoni ukaacha maji yapungue, chumvi inaenda wapi? Inabaki. Ndivyo kibofu cha kobe kinavyokuwa. Kila siku anavuta maji, taka zinabaki, kile kilichobaki kinazidi kuwa kizito na kikali. Inafika mahali hata kula anaacha, kwa sababu chakula kikavu kinamwongezea chumvi ambazo hana maji ya kuzitolea. Anachongoja ni kitu kimoja: mvua. Porini wanajua mpaka mahali maji yanapotuama. Wanachimba vibeseni vifupi kwenye udongo, mvua ikinguruma wanatoka mashimoni wanakwenda kusubiri. Wakinywa wanamwaga ule mkojo wa zamani wote, wanajaza tangi upya. Kwa hiyo lile tangi siyo la kumfanya asihitaji maji. Ni la kumvusha kutoka mvua moja hadi nyingine.

Na wa porini ana vitu ambavyo wako hana. Ana shimo refu chini ya mwamba ambako hewa ni ya ubaridi na ina unyevu. Ana eneo la kutembea akatafuta mmea wenye maji. Kobe wa uani ana ukuta pande nne, saruji inayochemka, na sisi. Mvua zetu zinategemewa kuanzia katikati ya mwezi wa sita mpaka mwisho wa mwezi wa tisa, na mara nyingine wingu linapita juu ya nyumba yako linakwenda kunyesha kwa jirani. Miezi ya nne, ya tano na ya sita mwanzoni, hapo ndipo anapokauka, na ndipo sisi tunaona "mbona mzima tu, anatembea."

Hapa niseme kama nesi. Mama aliyewahi kuleta mtoto wa kuhara pale wodini anajua tunachoangalia. Macho yamezama? Utosi umebonyea? Ukimfinya ngozi ya tumbo inarudi haraka au inabaki imesimama? Anakojoa? Akilia machozi yanatoka? Na yule anayenitisha kuliko wote siyo anayepiga kelele. Ni yule aliyetulia begani kwa mama yake, mama anasema "afadhali leo amenyamaza." Mtoto aliyekauka sana hana nguvu ya kulia.

Kobe yeye halii kabisa, hata siku ya kwanza. Hana machozi ya kukuonyesha, hana utosi, hana pampasi ya kuhesabu. Amezaliwa kuvumilia kimya, na anavumilia mpaka siku unayoona dalili, ambapo amekwisha kwenda mbali. Ndiyo maana msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaokataa: maji ya kobe hayaendi kwa kiu yake, yanaenda kwa kalenda yako. Usingoje aombe. Hataomba.

Sasa ninavyofanya mimi. Sahani ya maji iko uani siku zote, kile kisahani kipana cha udongo kinachowekwa chini ya chungu cha maua. Nimekizika kidogo ardhini ili mdomo wake uwe sawa na udongo, kobe anaingia na kutoka bila kupinduka. Kiwe kifupi. Kobe akipinduka juani hana muda mrefu. Na kama una mtoto anayetambaa, hapo ndipo ninapokuwa mkali zaidi: maji ya kina cha vidole vinne yanatosha kumzamisha mtoto. Sehemu ya kobe iwe na uzio ambao mtoto hapiti.

Mara moja kwa wiki, kuanzia anapoamka mwezi wa tatu mpaka anapokwenda kulala mwezi wa kumi, namloweka. Asubuhi mapema, kabla jua halijapanda. Beseni lake, maji ya uvuguvugu kama ya kumwogesha mtoto, jaribu kwa kiwiko kama tunavyowafundisha kliniki. Yafike pale gamba la juu linapokutana na la chini, kichwa kiwe juu bila kujinyoosha. Dakika 20, hata 30. Unakaa naye. Mara nyingi atazamisha uso mzima mpaka pua, utadhani anazama, kumbe anakunywa, ndivyo wanavyokunywa. Halafu atajisaidia humohumo, usimkasirikie, ndicho tunachokitaka. Angalia ule weupe: laini ni vizuri, ukikwaruza vidoleni (vaa glavu) mpeleke kwa daktari. Maji yale mwagia mti. Usimwage kwenye sinki la vyombo.

Mpira wa maji wa uani nao niuseme. Kiangazi cha huku maji yaliyolala ndani ya mpira juani yanaunguza ngozi, ya kobe na ya mtoto wako. Fungua, yaache yapite chini mpaka yawe baridi, ndipo ujaze. Hili hata kama hufugi kobe lishike.

Chakula kinabeba maji pia. Kifuu anapenda vile vibapa vya mpungate, tunamtolea miiba, na maua ya haibiskasi. Majani ya mforosadi na nyasi mbichi, vizuri. Matunda matamu hapana, chakula cha mbwa hapana kabisa, na ile saladi nyeupe ya dukani ni maji matupu yasiyo na lishe, usimzoeze. Shimo lake funika na udongo mwingi, na kwenye joto kali mimi humwagia udongo wa mlangoni jioni ili apate ubaridi kidogo. Unyevu kidogo, siyo tope.

Mizani kila mwisho wa mwezi, unaandika kwenye daftari. Tuna kadi ya kliniki ya kila mtoto, basi na kobe naye awe na ukurasa wake. Ukimbeba kumpima, mbebe chini chini, mikono miwili, polepole, umrudishe. Kumnyanyua juu kuonyesha wageni, hapana. Akikojoa kwa hofu wakati wa ukame umemwaga akiba yake, na siku hiyohiyo inabidi umloweke. Watoto wangu sasa ndio wanaowakatalia wageni, tena kwa ukali, naona aibu.

Na mwezi wa kumi, kabla hajaingia shimoni kulala, mloweke tena anywe vizuri. Akiamka mwezi wa tatu, kitu cha kwanza ni maji, chakula baadaye.

Turudi kwenye beseni. Kobe, hata akiwa mzima kabisa, anaweza kubeba vijidudu vya salmonela tumboni. Yeye havimsumbui. Vinatoka na choo, vinakaa kwenye gamba, kwenye maji, kwenye beseni. Kwa mtu mzima ni tumbo la siku chache. Kwa mtoto chini ya miaka mitano, na hasa mchanga, vinaweza kuingia kwenye damu. Marekani waliona watoto wengi wakiugua kwa sababu ya vikobe vidogo vya kuchezea, ndiyo maana tangu mwaka 1975 kuuza wale wenye gamba chini ya sentimita 10 hivi kumepigwa marufuku, kwa sababu watoto walikuwa wanawatia mdomoni. Mpaka leo wataalamu wa afya wa huku wanashauri nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano isifuge wanyama wa jamii hiyo. Nami nikiwa zamu nasema hivyohivyo: kama bado hujamchukua na una mtoto mchanga, ngoja. Kobe wanaotafuta familia watakuwepo hata miaka mitano ijayo.

Kama tayari unaye, kama dada yetu wa Tucson, basi sheria za nyumba. Kobe anakaa nje. Jikoni haingii. Beseni lake, brashi yake, taulo lake, vyote vinakaa nje na havirudi ndani hata vikioshwa kwa dawa. Mkubwa akimgusa ananawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla hajamgusa mdogo. Mdogo hamgusi kabisa. Na yule mtu mzima anayemloweka asiwe anaandaa chupa ya mtoto kwa mkono huohuo. Mtoto akiharisha ana homa, au choo kina damu, mpeleke hospitali na uwaambie mapema kwamba nyumbani mna kobe. Wasipoambiwa hawataliwaza.

Kuna watu wataniandikia, nawajua. Wa kwanza atasema watoto wapewe kobe ili wajifunze majukumu. Mimi sikubaliani. Mtoto wa miaka saba anasahau begi la shule, anasahau kiatu kimoja, na hilo ni sawa kwa umri wake. Akisahau maji ya kobe miezi miwili, kobe ndiye anayelipa, na yule mtoto atakuja kujilaumu kwa jambo ambalo halikuwa la kwake. Akusaidie, ashike daftari la uzito, achume maua. Lakini jukumu la maji liandikwe kwa jina la mtu mzima. Kama nyumbani kwako hakuna mtu mzima mwenye nusu saa kwa wiki, na siwalaumu, wengi wetu tunafanya zamu mbili, basi msichukue kobe.

Wa pili atasema: nesi, sisi Bukavu tunapanga foleni ya maji na madumu, wewe unatuandikia kuogesha kobe. Nakusikia, mama. Mimi nimebeba ndoo kichwani Tanga kabla ya kwenda shule, najua uzito wake. Beseni la Kifuu ni lita nane kwa wiki, na mti wa ndimu unakunywa baada yake. Mnyama huyu hakujileta uani kwangu. Tumemfungia ukuta, hawezi kwenda kusubiri mvua mahali pake. Lita nane ni deni langu.

Wa tatu atasema babu yake alifuga kobe miaka 30 bila haya yote. Inawezekana. Muulize kama pale uani palikuwa na bomba linalovuja.

Dada yetu wa Tucson jana asubuhi alinitumia video. Mumewe amepiga magoti uani, beseni liko kivulini, kobe kaingiza kichwa chote majini na koo linapanda na kushuka. Nilihesabu, alikunywa karibu dakika nne bila kupumzika. Halafu akaachia, maji yote yakageuka kama yamemwagiwa chokaa. Mdogo alikuwa ndani kwenye kiti chake, nilimwona dirishani. Chengachenga zipo, nimewaomba wasisubiri, wana miadi na daktari wa wanyama Jumatano asubuhi. Nitawaambia amesemaje.

Jumapili ijayo ni homa, bila visingizio. Sasa hivi ni saa kumi na moja alfajiri, nje bado nyuzi 31, na maji ya Kifuu yameshapoa.